Mjumbe Hauawi, Lakini Aliyemtuma Yuko Wapi?

Makamanda, tuongee kidogo kuhusu hizi klipu.

Mnazijua. Serikali imegeuza uamuzi, na wiki ileile televisheni inatafuta mtu wa kuja kueleza. Waziri ana kikao Dodoma. Katibu Mkuu yuko safarini. Anayekuja ni naibu waziri aliyeapishwa juzijuzi, au mbunge kijana wa chama tawala aliyeambiwa akaweke mambo sawa. Mtangazaji anauliza swali moja tu: mbona mwezi uliopita mlisema kinyume? Dogo anaanza kujiumauma. Anakunywa maji. Anasema Serikali hii ni sikivu. Anaulizwa tena, anarudi palepale, Serikali ni sikivu. Kesho yake asubuhi klipu ya sekunde 40 imeshafika kwenye kila grupu, na vijana wetu wanacheka mpaka machozi.

Zinachekesha, sibishi. Lakini hebu tujiulize: tukishamaliza kucheka, tumepata nini? Tumejua nani aliamua mwanzoni? Tumejua nani kaamua kugeuza? Tumejua hela iliyokwisha kukatwa inarudi au ndiyo imekwenda? Hapana. Tumejua tu kwamba binti au kijana fulani hajui kujibu. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Sisi tunamuua mjumbe kila wiki, halafu aliyemtuma analala usingizi wa pono.

Hoja yangu leo ni hiyo. Kiongozi mchanga anayepelekwa kwenye kamera kutetea uamuzi uliogeuzwa ni kinga ya mkubwa wake. Kila tunapomshambulia yeye kama yeye, kinga inafanya kazi yake vizuri.

Katiba inasema nini kuhusu huyu anayetumwa

Nasoma sheria, kwa hiyo mtanivumilia. Fungueni Katiba ya 1977, ibara ya 54. Wajumbe wa Baraza la Mawaziri wametajwa: Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Rais wa Zanzibar na Mawaziri wote. Sogeeni ibara ya 55, ibara ndogo ya (2). Inampa Rais uwezo wa kuteua Naibu Mawaziri baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, halafu inasema wazi kwamba hao naibu si wajumbe wa Baraza la Mawaziri.

Someni tena taratibu. Chombo kinachokaa na kumshauri Rais kuhusu sera, huyu mtu hayumo kwenye uanachama wake. Kinaweza kukaa asubuhi, kikageuza uamuzi, yeye akapewa karatasi jioni yenye mambo matano ya kusema. Halafu saa tatu usiku yuko studio anaulizwa kwa nini.

Sasa rudini ibara ya 53(2). Inasema Serikali, chini ya mamlaka ya Rais, ndiyo inayoamua sera, na Mawaziri chini ya uongozi wa Waziri Mkuu wanawajibika kwa pamoja Bungeni. Kwa pamoja. Na Bungeni. Huko ndiko Katiba ilikotaka swali gumu liulizwe, kwa waliokuwa ndani ya chumba. Na hata Bungeni mmeshamsikia naibu anavyosimama: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri..." Kwa niaba. Maneno hayo mawili yamebeba kila kitu. Anasoma jibu la mwenzake.

Kuna jambo jingine. Ibara ya 55(4) inasema Mawaziri na Naibu Mawaziri watateuliwa miongoni mwa Wabunge. Na ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini, kiti kimekwenda. Unganisheni hizo mbili. Yule dogo kwenye kiti cha studio, akisema ukweli kwamba na yeye hakubaliani na uamuzi wa kwanza, uteuzi unaweza kuondoka kesho. Akifukuzwa uanachama, ubunge nao unaondoka. Hana mgombea binafsi wa kukimbilia. Ndiyo maana anarudia Serikali ni sikivu kama kasuku. Haina maana kwamba ni mjinga. Amehesabu gharama.

Simwonei huruma ya bure. Amekubali mshahara, gari na kiapo, na kukaa kwenye kile kiti ni sehemu ya kazi. Abanwe. Lakini abanwe kwa swali litakalomfikia aliye juu yake.

Wenzetu wa Uingereza waliwahi kuliona hili

Tarehe 26 Juni 2012, Waziri wa Fedha wa Uingereza wakati huo, George Osborne, alilitangazia Bunge lao kwamba ongezeko la ushuru wa mafuta lililopangwa kuanza Agosti linaahirishwa. Ilikuwa senti tatu kwa lita. Wizara yake ilikuwa imeutetea mpango huo kwa miezi. Usiku uleule kipindi cha Newsnight cha BBC kilitaka mtu wa kuhoji. Osborne hakwenda. Akaenda Chloe Smith, waziri mdogo wa wizara hiyo, mwenye umri wa miaka 30. Aliyekuwa anamsubiri ni Jeremy Paxman, ambaye kwa miaka mingi aliogopwa kuliko mtangazaji yeyote wa siasa nchini mwao.

Paxman alimbana kwenye mambo mawili. La kwanza, uliambiwa lini kuhusu uamuzi huu? La pili, hela ya kuziba pengo inatoka wapi? Hakupata jibu la maana kwa lolote kati ya hayo. Mahojiano yale yanatajwa mpaka leo kama mfano wa mwanasiasa kuchinjwa hewani.

Kilichonivutia mimi ni kilichofuata. Hata ndani ya chama chake walitokea watu walioacha kumcheka binti na kuuliza kwa nini mkubwa wake hakwenda mwenyewe. Swali likampanda Osborne. Smith hakufa kisiasa. Miaka kumi baadaye, mwaka 2022, alikuwa waziri kamili, ingawa kwa wiki chache. Lakini ule usiku uliwafundisha wapiga kura kuuliza, ukiona mdogo katumwa, mkubwa anajificha wapi.

Na yale maswali mawili ya Paxman, yachukueni. Yanafanya kazi hapa kwetu vilevile.

Serikali yetu inageuka kwa njia tatu

Kuna kugeuka kwa sheria, kuna kugeuka kwa waraka, na kuna kugeuka kwa mdomo. Ukizichanganya, utauliza swali lisilo lake.

Ya kwanza ni tozo. Bunge lilipitisha Sheria ya Fedha ya 2021 mwezi Juni, na kuanzia tarehe 15 Julai 2021 kila aliyetuma au kutoa hela kwa simu alikatwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kulingana na kiasi. Mnakumbuka mlivyokuwa mnatumiwa hela ya matumizi na nyumbani, inafika imenyofolewa huku na huku. Wiki haijaisha, Rais akaagiza liangaliwe upya. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka uliofuata kiwango cha juu kikashushwa kutoka shilingi 7,000 hadi 4,000, lakini hapohapo tozo ikaingia benki, watu wakapiga kelele, na Septemba 2022 Waziri wa Fedha akasimama Bungeni kutangaza nyingine zinaondolewa kuanzia Oktoba mosi. Ilipofika bajeti ya Juni 2023, Serikali yenyewe ikapendekeza kuifuta tozo ya kutuma pesa kwa simu.

Muda wote huo tuliambiwa tozo zinajenga vituo vya afya na madarasa, na anayezipinga hapendi maendeleo. Haya. Zikipunguzwa, vituo vya afya vinajengwa na nini? Na kama pesa nyingine ya kuvijenga ilikuwepo, kwa nini tulikatwa? Hilo ndilo swali la pili la Paxman, na kila naibu au mbunge aliyepita studio katika miaka ile miwili alipaswa kulijibu. Na kwa sababu ibara ya 138 inasema hakuna kodi bila sheria ya Bunge, lipo swali jingine kwa mbunge kijana: wewe ulipiga kura gani Juni 2021? Hilo hawezi kusema katumwa. Mkono ulikuwa wake.

Ya pili ni wasichana waliopata ujauzito shuleni. Juni 2017, Rais Magufuli alisema hadharani kwamba katika utawala wake mwanafunzi akijifungua hatarudi shule ya Serikali. Kwa miaka minne, vijana wa chama tawala walizunguka studio kutetea kauli ile kwa jina la maadili. Novemba 24, 2021, Waziri wa Elimu Profesa Joyce Ndalichako akatangaza kwamba wanarudi, na waraka ukatoka. Vijana walewale wakaitwa studio tena, safari hii kusifu huruma ya Serikali.

Sawa, nasi tulifurahi. Lakini yule msichana aliyefukuzwa 2018 akiwa kidato cha pili, 2021 ana miaka mingapi, ana mtoto wa umri gani, na nani anamlipa ile miaka? Na maana ya kugeuza kwa waraka ni kwamba waraka mwingine unaweza kugeuza tena. Kama mnaamini kweli kwamba mlikosea, mbona hamuweki kwenye Sheria ya Elimu? Hilo ni swali ambalo naibu anaweza kuulizwa na akashindwa kusingizia mtu.

Ya tatu ndiyo inayotugusa kuliko zote. Mwaka 2016 tulizuiwa mikutano ya hadhara. Januari 3, 2023, Rais Samia akakutana na viongozi wa vyama Ikulu na kutangaza kwamba zuio limeondolewa. Januari 21 tukajaa Mwanza. Sasa tafuteni Sheria ya Vyama vya Siasa, kifungu cha 11. Haki ya chama kilichosajiliwa kufanya mikutano ilikuwemo 2015, ilikuwemo 2016, ilikuwemo 2022. Haikufutwa siku hata moja. Zuio lilikuja kwa mdomo na likaondoka kwa mdomo.

Kwa hiyo dogo anapokuja studio kusema Serikali imetupa mikutano, asiulizwe kwa nini mmebadilisha msimamo. Hilo analipenda, litampa nafasi ya kushukuru. Aulizwe: mlituzuia kwa kifungu gani? Atafute. Hakipo. Na kitu ambacho hakikuhitaji kifungu kuzuiwa kinaweza kuzuiwa tena Jumatatu asubuhi.

Kwa nini televisheni imebaki kuwa Bunge letu

Mtu atasema, dada, si ulisema Katiba inataka waulizwe Bungeni? Ndiyo. Lakini Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa inaacha kurusha Bunge moja kwa moja kama ilivyokuwa. Kisha uchaguzi wa 2020 ukatangaziwa matokeo tunayoyajua: chama kimoja majimbo 256 kati ya 264. Bunge la namna hiyo linamuuliza nani swali gumu? Linapiga makofi tozo inapoingia, linapiga makofi inapotoka.

Ndiyo maana kile kiti cha studio ni muhimu. Ni sehemu moja kati ya chache zilizobaki ambapo mtu wa Serikali anaulizwa na mtu asiye chini yake. Na watangazaji nao wana mipaka yao: Januari 2018, Mamlaka ya Mawasiliano ilivipiga faini vituo vitano vya televisheni, jumla shilingi milioni 60, kwa taarifa iliyohusu uchaguzi mdogo wa madiwani. Mtangazaji anayeuliza swali la pili baada ya kukwepwa la kwanza anahatarisha kitu. Tukigeuza kazi yake kuwa vichekesho, tunamharibia. Wizara zikishaona kila mahojiano yanaishia kuwa kituko cha mtandaoni, zitaacha kuleta hata hao wadogo. Zitaleta chawa wa kusifia tu, na mlango utakuwa umefungwa.

Kuhusu mabinti

Nalisema hili wazi kwa sababu nimeona yanayoandikwa chini ya zile klipu. Mwanaume akijikanyaga mnasema hajasoma faili. Mwanamke akijikanyaga mnauliza alipataje cheo, alilala na nani, nani kamfanyia vipodozi. Wengi wa viongozi wanawake vijana wameingia kwa viti maalumu, na mnaitumia hiyo kama fimbo.

Mnajua anayesoma hizo komenti ni nani? Ni yule mwanafunzi wa Mzumbe au wa UDOM anayefikiria kugombea udiwani kwa tiketi yetu. Anasoma, anafunga simu, anaamua siasa si mahali pake. Hatujamuumiza naibu waziri hata kidogo. Yeye ana gari na mlinzi. Tumempoteza kamanda ambaye tulikuwa hatujamjua bado.

Na sisi siku yetu itafika

Julai 2015 nilikuwa bado na sare ya shule, lakini nakumbuka wakubwa walivyobishana sebuleni. Chama chetu kilimpokea Edward Lowassa na kumpa tiketi ya urais, mtu ambaye majukwaa yetu yalikuwa yamemsema kwa miaka. Viongozi wakatuambia tumebadili gia angani. Waliotumwa kwenye redio na televisheni kuieleza hiyo gia wengi walikuwa vijana. Walibanwa, walijiumauma, wengine walisema leo walichokikana jana. Machi 2019 mzee akarudi alikotoka, na wale vijana wakabaki na klipu zao.

Sijaandika hili kufukua makaburi. Nimeandika kwa sababu tunataka dola. Siku tukiishika, tutageuza maamuzi, maana kila serikali inageuza. Kugeuka kwenyewe si dhambi. Serikali isiyoweza kugeuka ikikosea ni hatari zaidi. Dhambi ni kugeuka bila kusema nani alikosea, nani aliumia na analipwaje, halafu kumtuma mtoto akaseme Serikali ni sikivu.

Kwa hiyo tuanze kujizoesha sasa. Ukiitwa na chama kwenda studio kutetea jambo, uliza kwanza kikao kipi kiliamua, nani alikuwepo, na uombe uisome hiyo karatasi ya maamuzi. Usipopewa, sema kwa adabu: kiongozi, hili naomba uende mwenyewe. Chama kitakachoudhika na jibu hilo kina tatizo kubwa kuliko mahojiano.

Maswali ya kubeba

Wiki ijayo au mwezi ujao Serikali itageuka tena, na mtu mdogo atatumwa. Kabla hujakata klipu, angalia kama haya yameuliza mtangazaji. Kama hayakuulizwa, yaandike wewe chini ya klipu, kwa lugha safi, na umtaje waziri mwenye dhamana kwa cheo chake:

1. Uliambiwa lini kuhusu uamuzi huu, na nani alikuambia?
2. Uamuzi wa kwanza ulifanywa na nani, na kwa kifungu gani cha sheria?
3. Wa leo umefanywa kwa sheria, kwa waraka au kwa mdomo? Nini kinazuia usigeuzwe tena?
4. Walioumia kati ya siku ile na leo watafidiwa vipi?
5. Kama jambo lilipita Bungeni, wewe binafsi ulipiga kura gani?
6. Waziri wako yuko wapi usiku huu?

La sita ndilo muhimu kuliko yote. Waziri anayejua kwamba swali hilo litaulizwa kila mara, na kwamba vijana wa nchi nzima wanasubiri jibu, itabidi siku moja aje kukaa kwenye kiti mwenyewe. Tukifika hapo, hata yule dogo anayejiumauma atatushukuru kimoyomoyo.